UZI: Unataka kwenda kujitolea Kolkata kwa masista wa Mama Teresa? Soma kabla hujakata tiketi

#1 Mleta uzi

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za jioni wakuu.

Tangu nirudi India mwaka 2019, haupiti mwezi bila kijana wa VIWAWA (vijana Wakatoliki) au mama wa WAWATA (wanawake Wakatoliki) kunipigia simu na swali lile lile: "Dada, nataka kwenda kujitolea kule kwa Mama Teresa, naanzia wapi?" Huyu nimemwambia hiki, yule nikasahau kile. Mwezi uliopita binti mmoja wa jumuiya yetu alikata tiketi kwanza, ndipo akanitafuta. Hajachanjwa, hana visa, na tiketi yenyewe hairudishiwi hela. Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mimi ni mlei, mhasibu, nasali parokia moja hapa Dar. Nilikaa Kolkata wiki nne, Januari 2019. Sina utaalamu wa uuguzi wala sijawahi kuishi utawani, kwa hiyo ninayoandika ni ya mtu wa kawaida kwa mtu wa kawaida.

Naanza na jambo ambalo wengi nikiwaambia wananyamaza kwenye simu. Kabla ya pasipoti na kabla ya nauli, nenda kaifanye kazi hiyo hiyo hapa nyumbani. Masista hawa wako Tanzania tangu 1968. Walianzia Tabora, na ile ndiyo nyumba yao ya kwanza Afrika. Tafuta nyumba yao iliyo karibu nawe, au kituo chochote cha wazee, uombe kwenda kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Usiende na katoni ya sabuni ukapiga picha ukaondoka. Nenda kufua, kulisha, kumbadilisha mtu mzima nepi.

Jumamosi yangu ya kwanza nilipewa bibi mmoja nimkate kucha za miguu. Zilikuwa nene, za njano, zimejikunja hadi zimeingia kwenye nyama. Niliiloweka miguu yake kwenye beseni la maji ya vuguvugu karibu nusu saa ndipo mkasi ukaanza kupita. Muda wote alinishika bega kwa nguvu, maana aliogopa nitamkata. Siku ile niliweza mguu mmoja tu. Wiki iliyofuata nikarudi kwa ajili ya mguu wa pili. Kama naweza kazi hii au siiwezi, nilijulia pale, kwa nauli ya daladala.

Sasa makaratasi.

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Visa ya India kwa Mtanzania na Mkenya inaombwa kwa mtandao, kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, indianvisaonline.gov.in. Angalia herufi kwa herufi, kwa sababu ziko tovuti nyingi zinazofanana nayo zinazotoza mara mbili au tatu. Omba mapema. Mwisho kabisa ni siku 4 kabla ya kufika, lakini usijiweke hapo. Kibali kikitoka kichapishe, usitegemee simu.

Visa ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kazi ya kujitolea isiyo na malipo kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Hairuhusu shughuli za kimisionari. Hizo zina visa yake ya pekee. Parokiani tunasema "safari ya kimisioni" na hakuna ubaya, ila kisheria unachokwenda kufanya ni kujitolea kwa muda mfupi, na ndicho unachojaza kwenye fomu. Ukifika kule usigawe vipeperushi wala usimhubirie mtu barabarani. Ukileta tatizo, wanaobaki nalo ni masista. Anayetaka kukaa miezi sita au mwaka aende ubalozini aulize kwanza.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapa naomba usome taratibu. India ni wakali sana kwa homa ya manjano. Wanaidai kadi kwa anayetoka au aliyepitia nchi zilizo kwenye orodha yao, na Kenya, Uganda na Ethiopia zimo. Hata kama safari yako inaanzia Dar, ukiunganishia ndege Nairobi au Addis Ababa swali la kadi linaweza kukufika. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kadi huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ya wiki ya safari amechelewa. Ukishachanjwa, inatosha maisha yako yote. Mimi nilichanjwa mapema kabisa, lakini kituo kilichonichanja kiliandika mwaka wa mbele yake. Niligundua nikiwa nyumbani, usiku, napanga begi, wiki mbili kabla. Nilirudi mara tatu hadi wakaniandikia kadi nyingine. Ukipewa kadi, simama pale pale dirishani uisome: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, muhuri.

Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni sindano tatu, na ya tatu huja mwezi wa sita. Ndiyo maana nasema anza kujiandaa miezi sita kabla. Ongeza homa ya matumbo na pepopunda, halafu mweleze daktari kwamba utafanya kazi na watu wenye kifua kikuu.

Barua ya paroko beba. Na kama umechangiwa fedha na jumuiya, andika kila shilingi.

Nitaendelea na habari za kule kwenyewe, naona giza linaingia na sijapika.

#2

Milele amina. Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi ni wa Tabora, nimekua nikiwaona masista wale wa sari nyeupe yenye mistari ya bluu wakipita kwa miguu juani. Nilidhani kila mji unao. Nafuatilia.

#3 Mleta uzi

Naendelea.

Masista hawakupi malazi wala hawakutozi chochote. Chumba unajitafutia mwenyewe. Wengi hulala maeneo ya Sudder Street, ambako kuna nyumba za wageni za bei ya chini, au kwenye nyumba za watawa na hosteli zinazopokea watu wa kujitolea. Mimi nililipa rupia mia tano hivi kwa usiku, chumba kidogo, choo cha kuchangia. Kutoka pale hadi Nyumba Mama, makao makuu ya masista, barabara ya A.J.C. Bose, unatembea.

Kuandikishwa, wakati wangu, kulikuwa Shishu Bhavan, nyumba ya watoto iliyo barabara hiyo hiyo, siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tisa alasiri. Mpange tarehe ya kufika kwa kuzingatia hilo, na kabla ya kuondoka wasilianeni na masista mthibitishe kama ratiba bado ni ile. Sista anakaa na wewe, anakuuliza lugha zako, afya yako, umewahi kufanya nini. Miezi yangu mitatu ya Jumamosi ilinisaidia hapo kuliko cheti chochote.

Siku inaanza na Misa ya saa kumi na mbili asubuhi Nyumba Mama. Mnaketi sakafuni. Magari yanapita chini barabarani, honi zinapigwa, padre unamsikia nusu nusu. Kaburi la Mama liko ghorofa ya chini, la saruji nyeupe, na kila siku masista wanalipamba kwa petali za maua. Saa moja ni chai ya maziwa, mkate na ndizi moja, chakula cha watu wote wa kujitolea, kisha sala fupi mnatawanyika kwenye nyumba mbalimbali za masista. Wengine Prem Dan, wengine Shishu Bhavan, wengine Daya Dan kwa watoto wenye ulemavu, wengine Kalighat. Alhamisi ni mapumziko.

Mimi nilipangiwa Kalighat, Nirmal Hriday, nyumba ya wanaokufa ambayo Mama aliifungua mwaka 1952, ukuta kwa ukuta na hekalu la Kali. Na hapa naomba niseme kitu ambacho kingenisaidia kama ningeambiwa. Sehemu kubwa ya kazi ni kufua. Mablanketi, mashuka, nguo za wagonjwa, vyote kwa mkono kwenye mabirika ya saruji, kutoka birika la dawa hadi la sabuni hadi la kusuuza. Blanketi la sufu lililolowa huliwezi peke yako. Mnashika watu wawili, huyu anasokota kulia, yule anasokota kushoto, maji yanawamwagikia miguuni, mnabeba ndoo hadi juu ya paa kuanika. Mwenzangu wa kukamua wiki ya kwanza alikuwa mzee wa Kikorea ambaye hatukuwa na hata neno moja la pamoja. Tulikamua mablanketi wiki nzima kwa kutikisa vichwa.

Baada ya kufua ndipo unaingia kwa wagonjwa. Kulisha, kunywesha, kupaka mafuta, kunyoa, kukaa. Kukaa ndiko kuligeuka kugumu kuliko yote kwangu. Mama mmoja alinishika kidole cha shahada tangu saa nne hadi saa sita kasoro na hakusema neno. Nilikuwa nimezoea ofisi, mkono wangu mmoja ukikaa bure nahisi naiba mshahara.

Jifunze Kibengali kidogo kabla ya kuondoka. Maji ni "jol", maumivu ni "betha", vizuri ni "bhalo". Mtafurahi mtakapokuta "gari" ni gari kwao pia, duka ni "dokan", hesabu ni "hishab". Ila kuwa makini na "dada": kwao ni kaka mkubwa. Mara ya kwanza mfanyakazi mmoja alipoita "dada!" nikageuka mimi, kumbe anamwita mzee wa jikoni. Dada kwao ni "didi", na akina mama wa kazi wanaitwa "mashi", yaani mama mkubwa au mama mdogo.

#4

Mkuu samahani, nitauliza swali ambalo litakera. Nikipiga hesabu, nauli, visa, chanjo, malazi, chakula, haikosi milioni tatu na nusu. Kwenda kufua mablanketi India! Wodi zetu hapa zina wagonjwa ambao hakuna ndugu hata mmoja wa kuwaletea uji. Hiyo hela ingelisha wangapi? Mimi ni Mkatoliki pia, sipingi utume. Naomba kuelewa.

#5 Mleta uzi

Hujakera, kaka. Nauli peke yake ilikuwa milioni mbili na kidogo, jumla haiko mbali na uliyoitaja. Paroko wangu aliniuliza maneno hayo hayo siku niliyopeleka ombi, na sikuwa na jibu. Alinipa masharti mawili: miezi mitatu ya kutumika hapa kabla, na mwaka mzima hapa baada ya kurudi. Akasema bila hivyo hasaini barua. Nilikasirika, nikaona ananicheleweshea.

Jibu nililo nalo leo ni hili. Bagamoyo walipokea mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Miaka mia baadaye, 1968, masista wakatoka India wakaja Tabora kuosha vidonda vya watu wetu. Sisi tumekuwa wa kupokea wageni muda mrefu sana. Kwetu mtu akikutembelea msibani, na wewe siku moja unavuka kwenda kwake. Mimi nilivuka. Na niliyemkuta kule hakuwa mzungu anayenifundisha. Alikuwa mama wa Kibengali anayehitaji maji.

Lakini hesabu yako ni halali na siipuuzi. Kama hela ni ya mkopo, usiende. Kama ni ada ya mdogo wako, usiende. Kama umewachangisha watu maskini wa jumuiya kwa sababu wewe unatamani kupanda ndege, hiyo si sadaka yako, ni yao. Mimi theluthi mbili ilikuwa akiba yangu ya miaka miwili, iliyobaki walinichangia, na niliporudi niliwasomea matumizi mbele ya jumuiya hadi nauli ya metro. Zilibaki shilingi elfu sitini na mbili, tukakubaliana ziende kwa mama mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa na mtoto wodini. Kwa hiyo uji wako ulipikwa, kaka, ingawa ni mchache.

#6

Tumsifu. Mimi ni muuguzi kutoka Nairobi, nilienda mwaka wa 2017 nikakaa wiki sita, sheria nilikuwa sijazielewa vizuri, kwa hivyo hapo kwa visa msikilizeni mwenye uzi.

Naongeza ya kikazi. Hata kama wewe ni nesi, usiguse kidonda wala sindano hadi sista anayesimamia akwambie. Na kama si nesi, usikubali hata ukiombwa na mwenzako wa kujitolea. Niliona mtu wa miaka kumi na tisa akishika koleo la kidonda kwa mara ya kwanza maishani, na mgonjwa ndiye alilipa. Beba barakoa zako nzuri, si zile za kitambaa. Viatu viwe vya mpira, vinavyooshwa, sakafu zinalowa siku nzima. Kata kucha zako fupi kabisa na uache pete nyumbani.

Tumbo litasumbua, hilo lichukulie kama sehemu ya safari. Maji ya chupa yenye kizibo kisichofunguliwa, hata ya kupigia mswaki siku za kwanza. Pakiti za ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji unapoharisha, beba kumi. Ukiumwa, usiende kazini ukajifanya shujaa, wale wagonjwa hawana kinga ya kupambana na mafua yako.

Hali ya hewa: Novemba hadi Februari ni nzuri, asubuhi utataka sweta. Aprili na Mei joto ni la kuua, na Juni hadi Septemba ni mvua, barabara zinajaa maji hadi magotini.

Na hili lisemwe wazi: ngozi yetu kule inatazamwa. Watu walinipiga picha kwa basi bila kuniuliza. Nyumba moja ya wageni ilinijibu imejaa, na mzungu aliyekuja nyuma yangu akapewa ufunguo. Nililia usiku ule. Asubuhi nilienda Misa nikiwa bado na hasira, nikamwambia sista, naye hakunipa maneno matamu, alinitafutia kitanda kwa nyumba ya watawa mchana huo huo. Jiandae moyo, na uwe na mtu mmoja nyumbani wa kupigia simu. India iko mbele yetu saa mbili na nusu.

#7

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu wa Tanga, nimeupenda uzi huu. Je, mtu kama mimi anapokelewa, au ni kwa Wakatoliki pekee?

#8 Mleta uzi

Waaleikum salaam ndugu yangu. Unapokelewa kabisa. Misa ya asubuhi ni ya anayetaka. Wapo waliokuwa wanafika saa moja kwa chai na kazi tu. Tulikuwa na Wahindu, Wabudha, na wasio na dini yoyote. Hata kwa wagonjwa ni hivyo: tangu enzi za Mama, Kalighat anayefariki huzikwa au kuchomwa kwa taratibu za dini yake mwenyewe. Wiki yangu ya tatu alifariki mzee mmoja Muislamu, nikaona wafanyakazi wakiuliza kwanza wenzake wa imani yake waje. Tulisimama kando, kimya, hadi wakamchukua.

Muuguzi wa Nairobi, asante sana na pole kwa ile nyumba ya wageni. Yaliyonipata mimi yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo.

#9

Mwanangu, nimewasoma wote hapa, mimi nauliza kama mzazi. Binti yangu ana miaka 21, kashika hilo la kwenda India peke yake na hasikii. Nimruhusu?

#10 Mleta uzi

Shikamoo mama. Sitaki kukujibu kirahisi. Mimi nilikuwa na miaka 34 na bado usiku wa kwanza niliweka begi mlangoni. Kwa miaka 21 ningesema asiende peke yake. Aende na mwenzake mmoja angalau, chumba kiwe kimelipiwa kwa siku tatu za kwanza kabla hajaondoka, na ndege iingie Kolkata mchana. Uwanjani kuna dirisha la teksi za kulipia kabla, achukue hizo, asimfuate mtu anayemvuta begi. Laini ya simu ya India inahitaji nakala ya pasipoti na visa, na wakati mwingine inachelewa, kwa hiyo mkubaliane atapiga kwa intaneti ya alipofikia saa ngapi. Jioni arudi chumbani mapema. Kuna saa ya kuabudu Nyumba Mama saa kumi na mbili jioni, wengi wa wenzake watakuwa pale, warudi pamoja.

Lakini mama, muulize kwanza jambo moja: yuko tayari kwenda kituo cha wazee kilicho karibu nanyi Jumamosi hii? Sikiliza atakavyojibu. Utamjua mwanao kuliko nitakavyokueleza mimi.

Na picha. Mwambie hakuna picha za wagonjwa, kabisa. Masista wanakataza na wana haki. Yule ni mama wa mtu, kalala bila nguvu ya kujifunika.

#11

Dada hujasema kuhusu kurudi. Rafiki yangu alirudi kutoka misheni akawa hasemi na mtu miezi miwili.

#12 Mleta uzi

Kweli, nimeliruka kwa sababu mwenyewe sikulijua vizuri. Nilirudi Jumatano, Ijumaa nikawa ofisini. Mtu akalalamika chai ya mkutano imechelewa nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Omba likizo iwe na siku nne tano za ziada ukisharudi. Mtafute padre au mtu mzima wa kuongea naye, siyo kundi la watu wanaotaka hadithi. Mimi watu waliniomba nitoe ushuhuda kanisani Jumapili ya kwanza, nikakataa, nikatoa baada ya miezi mitatu, na hata hapo nilizungumzia mablanketi zaidi.

Kilichonirudisha ni lile sharti la pili la paroko. Jumamosi ile ile nilikwenda kituoni. Bibi wangu wa kucha alikuwa bado yupo. Aliniangalia muda mrefu, akasema: "Ulisema unakwenda mara moja tu." Akatoa miguu nje ya shuka. Kucha zilikuwa zimeota tena.

#13 Mleta uzi

Wale mnaoniuliza PM (ujumbe wa faragha) kuhusu binti wa tiketi: amechanjwa jana, kadi nimeisoma mwenyewe herufi kwa herufi, na ndege yake ni siku ya 16 kutoka jana, kwa hiyo yuko salama. Visa ameomba leo kwenye tovuti sahihi. Miezi mitatu hana tena, ila Jumamosi mbili anazo, na amekubali.

Jumamosi hii tunaanza saa mbili asubuhi, mablanketi yako kama arobaini na wafuaji tuko wanne. Walio Dar wanaotaka kuja waniandikie PM nitawaelekeza. Njooni na kandambili za mpira na nguo za kubadilisha.